Chumba Chini ya Nyumba: Tuuchimbe Mlima wa Uluguru?

Haya jamani, leo naomba tuongee habari za vyumba vya chini ya nyumba. Najua wengine mmeshaanza kucheka. Mswahili na chumba cha chini ya ardhi wapi na wapi? Tunaviona kwenye sinema za Wamarekani: kuna mashine ya kufulia, kuna makochi ya zamani, na gizani kuna jambazi anamsubiri mtu. Huku kwetu Morogoro ukitaja kuchimba chini, mtu anafikiria choo au kaburi.

Lakini hebu siku moja panda kuelekea Kilakala au Bigwa, utazame nyumba zilizojengwa kwenye mteremko. Ukisimama upande wa mlimani unaona nyumba ya kawaida kabisa, mlango, madirisha mawili, bati. Zunguka upande wa bondeni. Chini ya sebule kuna mlango mwingine! Ndani kuna majembe, magunia ya mkaa, baiskeli mbovu na kuku anayeatamia. Hicho ndicho chumba cha chini cha Morogoro, na hakuna aliyekipanga. Kimezaliwa na msingi.

Ngoja nieleze. Chicago msingi lazima ushuke zaidi ya mita moja, kwa sababu wakati wa baridi udongo wa juu unaganda na kuvimba, na unaweza kuinyanyua nyumba. Sasa kama umeshachimba mita moja, kwa nini usiongeze nyingine upate chumba? Wajerumani nao wakaweka viazi na makaa ya mawe huko chini. Kwetu udongo haugandi. Kwenye tambarare fundi anachimba kidogo tu, anamwaga zege, anapandisha. Kwenye mteremko hesabu inageuka: ili jamvi likae sawa, msingi wa upande wa bondeni lazima upande juu, wakati mwingine mita mbili na zaidi. Hapo una mambo mawili, ujaze kifusi malori kwa malori, au uache pakiwa wazi. Mwenye hela kidogo anaacha wazi. Baada ya miaka anaanza kupaangalia kwa jicho lingine.

Mjomba wangu ni mmoja wao. Alipostaafu alipokea kiinua mgongo, na wazo lake la kwanza likawa stoo ya chini: aikarabati, atoe vyumba viwili, apangishe wanafunzi wa chuo. Morogoro wanafunzi hawakauki, SUA ipo, Mzumbe ipo. Sisi Waluguru ukoo unafuata mama, kwa hiyo neno la mjomba ni zito, huliwahi mdomoni. Aliponiita nikamwone fundi anavyopima, nilimwamkia, nikakaa kimya, nikaangalia ukuta wa nyuma, ule uliogusana na mlima. Ulikuwa na ramani ya maji hadi usawa wa kifua. Masika yalikuwa yamekwisha miezi miwili nyuma.

Nikaanza kujiuliza: wazee wetu walioishi milimani hapa, mbona hawakuchimba?

Mababu wa Kiluguru walijenga msonge, nyumba ya duara yenye paa la nyasi. Akiba haikuwekwa chini. Iliwekwa juu, darini, juu ya mafiga, moshi ukikausha mahindi ya mbegu na kufukuza wadudu. Kwenye milima ambayo upande wake wa mashariki hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, mtu mwenye akili hatii mbegu shimoni. Mimi naona dari lilikuwa jibu la uhandisi, hata kama halikuchorwa kwenye karatasi.

Na siyo kwamba Waafrika hawajui kuchimba. Wairaqw wa Mbulu walijenga nyumba zilizozama kwenye mteremko, paa likiwa la udongo na tambarare, kiasi kwamba mgeni angeweza kufika karibu kabisa asijue kuna watu. Wachaga walichimba mahandaki kwenye udongo wa volkano wa Kilimanjaro, yenye vyumba, nafasi ya mifugo na matundu ya hewa. Wote wawili walikuwa wanawakimbia wavamizi, Wamaasai hasa. Kule Unguja, Mangapwani, kuna chumba kilichochongwa kwenye jiwe la matumbawe, ambacho kinahusishwa na kuficha watumwa baada ya soko la Zanzibar kufungwa mwaka 1873. Ukifuatilia, utaona mtu wa Afrika Mashariki aliingia chini ya ardhi kwa hofu au kwa kulazimishwa. Starehe haikuwamo. Mluguru naye alikuwa na hofu, hasa siku za Kisabengo, aliyejijengea ngome ya Simbamwenni chini ya milima hii. Ila Mluguru alikimbilia juu. Mlima wenyewe ndio ulikuwa handaki lake.

Hiyo Simbamwenni nayo ina somo. Henry Morton Stanley alipita mwaka 1871 akaisifia kuta zake na minara yake ya mawe. Aliporudi mwaka 1872, ukuta wa mbele ulikuwa umechukuliwa na mafuriko pamoja na nyumba kadhaa. Ngome iliyojengwa kuzuia bunduki ikaangushwa na maji yanayotoka Uluguru!

Tukaja kwa Mwingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, ikawalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Kwenye ramani ilipendeza. Mlimani, kwenye sehemu za mashariki, ukikata ngazi unafukia udongo mzuri na kutoa juu ule wa chini usiootesha kitu. Na ile ngazi inashika maji, maji yanazama, mteremko unalegea. Watu walichoka kuchimba kwa amri. Mwaka 1955 ghasia zikalipuka huko Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa. Mpango ukaachwa. Mgeta, upande wa magharibi, mambo yalikuwa tofauti: watu walikuwa na ngazi zao wenyewe za kulimia mboga, kwenye udongo unaovumilia. Kwa hiyo si kwamba mlima haukatwi. Unakatwa na anayeujua, mahali panapokubali.

Hata Mgeta kuna siku haikuvumilia. Tarehe 23 Februari 1970 mvua ya zaidi ya milimita 100 ilinyesha kwa muda usiozidi saa tatu. Watafiti Paul Temple na Anders Rapp walihesabu maporomoko ya udongo zaidi ya 1,000. Karibu yote yalianzia mashambani na kwenye nyasi. Msituni, ambako mizizi inashika, yalikuwa machache mno. Soma tena hiyo namba halafu ufikirie nyumba yenye ukuta uliokatiwa mlimani na mti uliofyekwa nyuma yake ili kupata uwanja wa kuanikia nguo.

Sasa turudi kwa fundi wa mjomba. Mpango wake ulikuwa huu: apige plasta yenye dawa ya kuzuia maji kwa ndani, aweke marumaru hadi juu, apake rangi nyeupe. "Mzee, hutaona tone!" Kweli, mwaka wa kwanza huenda asione. Lakini hebu tupige hesabu ya darasani. Maji yakijaa nyuma ya ukuta hadi mita mbili, kila mita moja ya urefu wa ukuta inasukumwa kwa nguvu ya tani 2. Ukuta wa mita tano ni tani 10, hapo ni maji peke yake, udongo hujauhesabu. Marumaru haishindani na tani 10. Itabanduka, au mbaya zaidi, tofali za inchi sita zitaanza kupinda taratibu huku mwanafunzi wa watu amelala upande wa pili.

Nikamwambia mjomba, kwa adabu zote, kwamba kazi ya chumba kile ianzie nje. Uchimbwe mfereji nyuma ya ukuta, kipande kwa kipande, siyo wote kwa siku moja, maana udongo ule ndio unaoegemea nyumba. Chini lilazwe bomba lenye matundu, likiwa na mwinamo wa kutoa maji pembeni hadi bondeni. Ukuta upakwe lami kwa nje na kufunikwa nailoni nzito, halafu mfereji ujazwe kokoto. Maji ya bati yakusanywe kwenye gata yasimwagike pale pale nyuma. Na aitwe mhandisi apime kama ukuta wenyewe unafaa kushikilia mlima au unahitaji nguzo za nondo. Hilo la mwisho lilimuuma, kwa sababu ya gharama.

Fundi akanitazama kama mtu anayekatiwa riziki.

Kuna mambo mawili mengine ambayo yeye hakuyagusa kabisa. La kwanza ni choo. Shimo la maji machafu la mjomba liko upande wa juu, nyuma ya jiko. Ukiweka choo chumba cha chini, uchafu hautapanda mlima wenyewe, na kwa sasa ile ramani ukutani sina hakika ni ya mvua tu. La pili ni hewa. Chumba kile kina ukuta mmoja tu wenye nafasi ya dirisha. Wanafunzi wanapika, na wengi wanapikia mkaa. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa linatoa hewa ya sumu isiyonuka, mtu analala asiamke. Wachaga mahandakini mwao waliacha matundu ya hewa, na hao walikuwa na adui mlangoni.

Mjomba alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Mpwa wangu, kwa hiyo unanishauri nizike hela kwenye mfereji ambao hakuna mpangaji atakayeuona?" Nikamjibu ndiyo. Akaguna.

Fundi ameambiwa asubiri. Mfereji umechimbwa robo tatu, kokoto zimeshushwa, na lile shimo la nyuma ya jiko limeanza kukaushwa ili lihamishiwe bondeni. Ndani hakijapakwa kitu. Mjomba amechora mstari wa chaki pale ramani ya maji ilipoishia, akaandika tarehe pembeni. Anasubiri masika yapite ndipo aamue kama atapangisha watu au ataendelea kuweka majembe.