Mvua ya Ngong Ina Njia Mbili

Huku Kitengela tunanunua maji kwa mitungi, na mengi ni ya visima. Ukiyanywa tangu utotoni, meno yanaweza kugeuka kahawia. Ni floridi, na inatoka kwa mawe ya volkano. Hiyo stori ni ya zamani kuliko hatimiliki yoyote ya Kajiado.

Milima ya Ngong ni mabaki ya volkano iliyokatwa ardhi ilipopasuka na kuzama, ikawa Bonde la Ufa. Tangu hapo mvua ya pale juu inaachana. Ya mashariki inaingia Mbagathi, inakutana na Mto Kitengela, inakuwa Athi, na kufika baharini karibu na Malindi ikiitwa Sabaki. Ya magharibi inashuka bondeni na haitoki tena. Ziwa Magadi halina mlango: jua linakunywa maji, magadi yanabaki. Kampuni ya kuyachimba iliundwa 1911.

Hata bondeni kwenyewe maji hayakutulia. Olorgesailie, kwenye barabara ya Magadi, palikuwa na ziwa. Louis na Mary Leakey walichimbua hapo mashoka ya mawe miaka ya 1940. Ardhi ikavunjika tena, ziwa likapotea. Ule udongo mweupe unaochafua viatu vyako pale ni sakafu yake.