Uso Usiohesabiwa

Wahenga walisema asiyekujua hakuthamini. Hata hivyo, historia ya biashara inao wateja ambao wenye viwanda waliwajua, wakapokea fedha zao, na bado hawakuwathamini. Mfano ulio bayana ni ule wa filamu za rangi nchini Marekani.

Kampuni ya Kodak, ya mji wa Rochester, ililitawala soko hilo kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Hadi 1954 bei ya filamu zake za rangi ilijumuisha gharama ya kuzisafisha. Mwaka huo serikali iliilazimisha kutenganisha mambo hayo mawili, na wasafishaji wengine wakaingia kazini. Ili rangi zisihitilafiane, kampuni iliwapelekea kadi ya kipimo yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, iliyokuja kuitwa “Shirley” kwa jina la mwanamitindo wa awali. Ngozi yake ikitoka sawa, kazi yote ilihesabiwa kuwa sawa.

Mwaka huo huo Mahakama ya Juu ya Marekani iliharamisha utengano wa rangi katika skuli za serikali. Watoto weupe na weusi walipopigwa picha pamoja, wale walitoka barabara, ilhali hawa waligeuka vivuli vyenye macho na meno. Wazazi walinung’unika, lakini aghalabu lawama zilitupiwa taa au mpiga picha, si kemia ya filamu.

Sababu haikuwa ufukara. Tangu 1945 John H. Johnson alichapisha mjini Chicago jarida la Ebony, lililosomwa na Weusi wenye kipato, na bado ilimbidi ahangaike sana kuwashawishi watangazaji wakubwa. Waliopanga kipimo walijitazama wenyewe kiooni. Asiyefanana nao hakuingia katika hesabu. Na kwa kuwa hakuhesabiwa, hapakuwa na daftari lililoonyesha hasara ya kumwacha.

Mabadiliko yalikuja kwa njia ya ajabu. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameeleza kwamba katika miaka ya 1970 walalamikaji waliosikilizwa walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani, ambao matangazo yao hayakuweza kutofautisha chokoleti nyeusi na ya maziwa, wala mbao za aina moja na za nyingine. Hao walikuwa wateja wa jumla. Mzazi alikuwa na picha moja mkononi. Filamu ikaboreshwa, na katika miaka ya 1990 ikatoka kadi yenye wanawake watatu: Mweusi, Mzungu na Mwasia.

Basi ngozi ya binadamu ilipata haki yake nyuma ya kabati na peremende. Picha za miaka iliyotangulia zimebaki katika albamu za familia kama zilivyotoka, na wajukuu wanaozifungua hawazioni vyema sura za babu zao.