Bahari iliyokaushwa kwa kalamu

Kila inapotajwa habari ya kuharibika kwa mazingira, iwe ni joto la dunia, misitu au mito, hatukosi kuambiwa kwamba mkosaji ni binadamu. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni jepesi mno. Binadamu ni wengi. Yupo aliyetoa amri, yupo aliyechukua faida, na yupo aliyeamka asubuhi akakuta maji yameondoka mlangoni pake. Ukiwaita wote kwa jina moja, yule wa kwanza hujificha nyuma ya yule wa tatu. Leo nataka tutazame mahali pamoja ambapo hesabu ya makosa inaweza kufanywa mwaka kwa mwaka. Mahali hapo ni Bahari ya Aral, katika Asia ya Kati.

Kwa jina ni bahari, lakini kwa hakika lilikuwa ziwa. Mwaka 1960 lilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba karibu 68,000. Msikilizaji wa Mwanza, Kisumu au Entebbe atanielewa upesi nikimwambia kwamba huo ni takriban ukubwa wa Ziwa Victoria. Tofauti ilikuwa katika chanzo cha maji. Ziwa Victoria hupata sehemu kubwa ya maji yake kutokana na mvua inayonyesha juu yake lenyewe. Aral imo jangwani. Mvua yake ni haba, na uhai wake wote ulitegemea mito miwili, Amu Darya na Syr Darya, inayoshuka kutoka milima ya barafu ya Pamir na Tien Shan. Kila mwaka mito hiyo iliingiza kilomita za ujazo zaidi ya 50 za maji, na jua likachukua kiasi kama hicho kwa mvuke. Mizani ikakaa sawa. Basi aliyetaka kuiua Aral hakuwa na haja ya kuigusa. Ilitosha kuishika mito.

Na watu walikuwapo. Upande wa kaskazini, Kazakhstan, palikuwa na bandari ya Aralsk. Kusini, katika nchi ya Wakarakalpak iliyo ndani ya Uzbekistan, palikuwa na Moynaq. Mwishoni mwa miaka ya 1950 samaki waliovuliwa walizidi tani 40,000 kwa mwaka. Mwaka 1921, njaa ilipoyakumba majimbo ya mto Volga, Lenin aliwaandikia wavuvi wa Aral akiwaomba msaada, nao wakapakia mabehewa 14 ya samaki. Ukutani katika stesheni ya reli ya Aralsk upo mchoro mkubwa wa vijiwe vya rangi unaokumbusha tukio hilo. Nawaomba mliweke jambo hili akilini. Serikali iliyowaomba samaki ndiyo iliyokuja baadaye kuwanyima maji.

Sasa tuje kwenye pamba. Haki ni kusema kwamba pamba haikuanza na Wakomunisti. Viwanda vya nguo vya Urusi vilitegemea pamba ya Marekani, na Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe kati ya 1861 na 1865, pamba ikaadimika. Wapiganapo tembo nyasi huumia, lakini mara hii nyasi zilikuwa upande wa pili wa dunia. Mwaka 1865 jeshi la mfalme wa Urusi liliteka Tashkent, na haikupita miaka mingi mbegu ya pamba ya Kimarekani ikawa inapandwa kando ya mito ile. Lenin naye, mwaka 1918, katikati ya vita na njaa, alitia saini amri ya kutenga rubo milioni 50 kwa ajili ya umwagiliaji maji Turkestan. Waliomfuata wakataka zaidi. Mwaka 1954 ukaanza kuchimbwa Mfereji wa Karakum, ambao ulikuja kupita urefu wa kilomita 1,300, ukiyachukua maji ya Amu Darya na kuyapitisha katikati ya mchanga. Sehemu kubwa haikusakafiwa, hivyo maji mengi yalinywewa na jangwa kabla ya kuonwa na mche hata mmoja wa pamba. Kati ya mwaka 1960 na mwisho wa miaka ya 1980, mashamba ya kumwagilia katika bonde lote yaliongezeka kutoka karibu hekta milioni 5 hadi zaidi ya milioni 7.

Je, walijua? Hapa ndipo penye kiini cha kesi. Naam, walijua. Hakuna mhandisi anayeweza kuukinga mto mzima asijue kwamba ziwa lililo mwisho wa mto huo litapungua. Wapangaji walikwisha kupiga hesabu zao kwamba maji yaliyogeuzwa kuwa pamba yana thamani kubwa kuliko maji yaliyogeuzwa kuwa samaki, na wapo wataalamu waliodiriki kuiita bahari ile kosa la maumbile. Walikuwapo pia waliokuwa na mashaka, lakini katika serikali ile mtu hakupanda cheo kwa kuwa na mashaka. Wakajifariji kwa kusema kwamba chini ya bahari patafanyika gamba gumu la chumvi, na hakuna kitakachopeperuka.

Kikapeperuka. Katika miaka ya 1960 maji yalishuka kama sentimita 20 kila mwaka. Katika miaka ya 1970 zaidi ya nusu mita. Katika miaka ya 1980 yakakaribia mita nzima. Mwaka 1975 wanaanga wa Kisovieti waliziona kutoka juu dhoruba za vumbi la chumvi likipepea kutoka pale palipokuwa na maji. Vumbi hilo halikuwa chumvi tupu. Lilibeba mabaki ya dawa za kuua wadudu na za kupukutisha majani ya pamba, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa zikisombwa na maji kutoka mashambani. Wakarakalpak wakalivuta puani, wakalinywa katika visima vyao. Upungufu wa damu kwa akina mama, kifua kikuu na maradhi ya koo vikawa mambo ya kila nyumba. Hata hali ya hewa ilibadilika, kwa sababu maji mengi hupoza kiangazi na kulainisha baridi. Maji yalipokwenda zake, kiangazi kikawa kikali zaidi, baridi ikazidi, na msimu wa kilimo, cha pamba yenyewe, ukawa mfupi.

Huko Moynaq wavuvi walichimba mfereji kuifuata bahari. Bahari ikawashinda mbio. Meli zikabaki mchangani na kutu yake, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 uvuvi ukafa. Ili wafanyakazi wa viwanda vya kusindika wasikose kazi, serikali ikaagiza samaki waliogandishwa kutoka bahari za mbali, hadi Baltiki na Pasifiki. Samaki wakawa wanapelekwa ziwani kwa reli!

Lakini linaloniuma zaidi ni hili. Mwaka 1983 alipofariki Sharof Rashidov, kiongozi wa Uzbekistan kwa zaidi ya miaka 20, wapelelezi kutoka Moscow wakafungua vitabu. Wakakuta kwamba mwaka baada ya mwaka viongozi walikuwa wakiripoti pamba isiyokuwapo, na kulipwa kwayo. Maji yalikwisha kwa hakika, lakini sehemu ya mavuno ilikuwa ya karatasini.

Wapo wanaosema kosa lilikuwa la Ukomunisti, na kwamba ulipokufa mwaka 1991 mambo yalikwisha. La hasha. Uzbekistan huru iliendelea kuwapangia wakulima wake kiasi cha pamba cha kulima hadi mwaka 2020, na kwa miaka mingi watoto wa shule walitolewa madarasani kwenda kuichuma. Mwaka 2014 sehemu ya mashariki ya bahari ya kusini ilikauka kabisa, ikaonekana hivyo katika picha za setilaiti.

Kaskazini mambo yalikwenda vingine. Bahari ilikuwa imegawanyika mara mbili mnamo 1987, na mwaka 1992 watu wa Aralsk wakajenga tuta la mchanga kuyazuia maji ya Syr Darya yasitoroke kwenda kusini. Mwaka 1999 dhoruba ikalibomoa. Kazakhstan ikaenda Benki ya Dunia, na mwaka 2005 likakamilika tuta imara la Kokaral, kilomita 13 kwa urefu. Wataalamu walitarajia ziwa lingechukua miaka kadhaa kujaa. Lilijaa katika muda usiofika mwaka. Chumvi ikapungua, samaki wakarudi. Yaani kilichotakiwa muda wote ule ni uamuzi.

Siwezi kusema hayo kuhusu kusini. Mwaka 2022 Afghanistan ilianza kuchimba mfereji wake, Qosh Tepa, wenye urefu wa kilomita 285, nao unachota Amu Darya ile ile. Waafghanistan wana njaa na wana haki ya kunywa mto unaopita kwao. Huwezi kuwahesabu pamoja na wale wa mwaka 1954. Kwa upande mwingine, barafu za Pamir na Tien Shan zinayeyuka kwa sababu ya joto linaloletwa na moshi wa viwanda na magari ya nchi nyingine, tajiri na za mbali. Barafu zikiisha, mito hiyo itapungua bila ya mtu kuchimba mfereji wowote.  Kwa mara ya pili Mkarakalpak atalipa deni ambalo hakulikopa, na safari hii mkopaji haishi Moscow peke yake.

Katika Aralsk mchoro ule wa mabehewa 14 ungali ukutani stesheni. Samaki wanauzwa tena mjini. Maji yenyewe bado hayajafika bandarini.