Kupakia na Kupakua: Maneno ya Jahazi katika Kazi ya Seva

Delta ya Rufiji, ambayo sehemu yake kubwa sasa imo katika Wilaya ya Kibiti, ilijulikana Arabuni na katika nchi za Ghuba kwa boriti zake za mikoko, zilizohesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri na jahazi la Kuwait mwaka wa 1939, aliiona kazi hiyo na kuiandika. Shehena ikipanda chomboni imepakiwa, ikishuka imepakuliwa. Kiambishi -u- ni kile kile cha kutengua kilichomo katika ziba na zibua.

Jozi hiyo leo hutumika kwa mafaili: kuyapeleka kwenye seva ni kupakia, kuyatoa ni kupakua. Yafaa kuuliza maneno ya jahazi yanatufikisha wapi.

Unix ilianza mwaka wa 1969. Mwezi wa Aprili 1971, Abhay Bhushan, mzaliwa wa India aliyekuwa MIT, Marekani, aliandika kanuni za kwanza za kuhamisha mafaili, FTP. Zile za Oktoba 1985 ndizo zilizokuja kuwa msingi. Katika mashine ya Unix, programu ya seva hukaa kimya ikingoja mgeni. Mgeni hutaja jina na nywila, na maagizo yake hupita namba 21. Shehena yenyewe hupita njia ya pili, ambayo kwa desturi huanzia namba 20.

Namba hizo Waingereza huziita *port*, na hapa mfasiri wa haraka huandika “bandari”. Amepotoka. Neno hili latokana na *porta* ya Kilatini, lango. La bandari ni *portus*. “Mlango” ndilo neno lifaalo, tena kwa Kiswahili mlango ni pale pia mto uingiapo baharini. Delta ni moja, milango ni mingi: Simba Uranga, Kikunya, Suninga, Msala. Mnamo Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha humo. Novemba 10, Waingereza waliizamisha meli yao Newbridge ili kuuziba mlango wa Suninga. Lakini milango mingine ilibaki, ikawabidi kuendelea kulinda hadi Julai 1915, manowari ilipoangamizwa. Msimamizi wa seva aijua shida hiyo. Kufunga mlango mmoja hakumfai kitu ikiwa mingine ameiacha wazi bila haja. Na kwa kuwa FTP ya asili hupitisha nywila bila kuificha, wengi wameihama na kutumia mlango wa 22, wa SSH, iliyobuniwa mwaka wa 1995, ambamo mazungumzo yote husimbwa.

Mahali pamoja jahazi halitoshi. Boriti iliyopakuliwa Kuwait haimo tena jahazini, na wali uliopakuliwa umepungua chunguni. Faili lililopakuliwa lingali sevani, zima. Kwa maana hiyo kunakili kungekuwa sahihi zaidi, ila kunakili hakusemi shehena inakwenda upande gani, na mtumiaji wa seva hana budi kulijua hilo kabla hajagusa kitu.