Kabaka Aliyefunga Ramadhani: Kwa Nini Aliwaua Vijana wa Kiislamu?



Ndugu wasomaji, watoto wetu wakirudi kutoka shuleni huja na maswali ambayo sisi wazazi hatuna majibu yake. Moja katika historia ya Uganda ni hili: Kabaka Mutesa I alifunga Ramadhani kwa miaka kama kumi kuanzia 1867, na katika ikulu yake watu waliswali na kujifunza Kiarabu. Basi ilikuwaje mwaka 1876 aamuru vijana wa Kiislamu wapatao 70 wauawe Namugongo?

Jibu tulilozoea ni kwamba vijana hao walikataa kula nyama ya ikulu kwa sababu wachinjaji hawakutahiriwa, na wakakataa kuswali nyuma ya Kabaka kwa sababu hiyo hiyo. Kwa desturi ya Buganda, damu ya mfalme haimwagwi, kwa hiyo hakuweza kutahiriwa. Jibu hili ni sahihi, lakini ni nusu tu. Kabaka alikuwa hivyo hivyo miaka yote. Kwa nini jambo hilo likawa la kufa na kupona wakati ule? Hapa hatuna budi kufungua ramani.

Hebu tuanze na upande wa mashariki. Uislamu ulifika kwa Kabaka Suna II mwaka 1844 kupitia mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim. Wafanyabiashara kama yeye walifuata pembe za ndovu, kwa kuwa Ulaya na Marekani zilizihitaji kwa kutengenezea piano na mipira ya biliadi. Sayyid Said wa Unguja alikuwa ameshafanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na Uingereza mwaka 1839. Kutoka Marekani ilikuja nguo ya pamba ambayo mabibi zetu waliiita amerikani. Bunduki pia zilikuja, na watu waliuzwa utumwani. Hayo nayo tusiwafiche watoto wetu.

Sasa twende kaskazini. Misri ya Khedive Ismail ilikuwa inataka nchi zote za mto Nile hadi kwenye maziwa. Mwaka 1872 Samuel Baker, Mwingereza aliyetumwa na Misri, alitangaza kwamba Bunyoro ni mali ya Misri. Mwaka 1874 alifuatiwa na Gordon, na mwaka 1876 askari wa Misri wakafika hadi Rubaga, mji mkuu wa Mutesa. Waislamu waliotoka huko kaskazini ndio waliowaambia vijana wa ikulu kwamba asiyetahiriwa hafai kuwaongoza katika swala. Kwa vijana hilo lilikuwa jambo la dini. Kwa Kabaka lilikuwa jambo la utawala: wageni ambao jeshi lao liko mlangoni sasa wanasikilizwa na watumishi wake kuliko yeye mwenyewe!

Na Ulaya je? Stanley alifika kwa Mutesa mwaka 1875, na Kabaka akakubali wamisionari waje. Bila shaka alikuwa anatafuta rafiki wa kumkinga na Misri. Waprotestanti walifika mwaka 1877, Wakatoliki mwaka 1879.

Ajabu ni kwamba mwaka ule ule wa 1876 Misri yenyewe ilishindwa kulipa madeni yake kwa mabenki ya Ulaya, na mwaka 1882 ikavamiwa na Waingereza. Hatari aliyoiogopa Kabaka iliondoka yenyewe. Waliokaribishwa ili kumkinga hawakuondoka, na mwaka 1894 Buganda ikawa chini ya ulinzi wa Uingereza.

Je, kujua haya kunapunguza heshima ya vijana wale? La hasha. Walisimama juu ya imani yao na wakaifia. Wala hofu ya mfalme haihalalishi kumwaga damu. Ila tunaelewa ilivyotokea, na tunaelewa pia kwa nini kati ya 1885 na 1887 Kabaka Mwanga aliwaua vijana wa Kikristo. Naye alikuwa na hofu ya wageni kutoka nje. Mtoto wa Kiislamu na jirani yake wa Kikristo wanaweza kusimama Namugongo wakasoma historia moja, bila kushindana nani aliumia zaidi.

Ndugu mzazi, mwanao akisoma historia ya nchi yake, mwulize swali moja: mwaka huo huo, Unguja, Cairo na London kulikuwa na nini? Atagundua kwamba nchi yetu haikuwa kisiwa, na kwamba Uislamu ulikuwa umeshaota mizizi hapa nusu karne kabla ya bendera ya mkoloni.

Wabillahi tawfiq.