Kosa la Imla Lina Asili Yake: Historia ya Herufi katika Madarasa ya Kashojwa

Mwalimu asomapo imla katika darasa la Kiswahili huko Kashojwa, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, asistaajabu akikusanya madaftari na kukuta neno moja limeandikwa kwa namna tatu au nne. Tuchukue neno "mchele". Mtoto wa Kinyankore huenda akaandika "mcere", na mwenzake wa Kinyarwanda au Kirundi vivyo hivyo. Mtoto aliyeanza kusoma kwa Kifaransa huko Uvira huenda akaandika "mtshele", na akilikuta ubaoni limeandikwa sawasawa, atalisoma "mshele". Wa Kisomali naye huenda akaandika "mjele".

Desturi yetu walimu ni kupitisha kalamu nyekundu juu ya maneno yote hayo na kuandika sifuri. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba makosa ya namna hii hayatokani na uvivu wala uzito wa akili. Kila moja lina asili yake katika historia ya maandishi, na mwalimu asiyeijua historia hiyo humwadhibu mtoto kwa jambo ambalo mwalimu mwingine alimfundisha vema.

Yafaa kwanza tuieleze Kashojwa yenyewe. Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Wanyarwanda wengi walipokuwa wakikimbia machafuko ya nchini mwao. Yako karibu na ziwa la jina hilo hilo, katika wilaya ya Isingiro ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Mbarara. Baada ya Wanyarwanda walikuja Wakongo, Warundi, Wasomali, Wahabeshi na Waeritrea, hata idadi ya wakazi ikapita laki moja. Kashojwa ni mojawapo ya vijiji vya makazi hayo. Mtoto wa mkimbizi na mtoto wa mwenyeji huketi dawati moja.

Mtaala wa Uganda ulioanza mwaka 2007 ulielekeza kwamba madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya eneo, kisha Kiingereza kishike nafasi kuanzia darasa la nne. Shabaha hiyo ni njema. Lakini lugha ya eneo hili ni Kinyankore, na mtoto wa Fizi au wa Mogadishu hakuinyonya kwa mama yake. Basi huweza kutokea kwamba mtoto wa miaka kumi na miwili, aliyekwisha kujua kusoma kwao, anawekwa darasa la kwanza pamoja na watoto wa miaka sita, eti hajui kusoma. Kumbe anajua, hajui tu kusoma herufi zetu kwa sauti zetu.

Ama kuhusu Kiswahili chenyewe, tukumbuke kwamba nacho kilibadili mavazi. Kwa karne nyingi kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mtoto wa Lamu, Mombasa au Unguja alianza chuoni kwa alifu, be, te, kisha akafundishwa alama za irabu, na neno "irabu" tunalolitumia madarasani leo limetoka huko. Lakini alama hizo zilikuwa tatu, na irabu za Kiswahili ni tano. Msomaji alipaswa kutambua mwenyewe kama ni e au i, o au u. Herufi za Kiarabu hazikuwa na p, v wala ch, na waandishi wa pwani walilazimika kuongeza nukta au kuazima herufi yenye sauti ya jirani. Mabingwa hao walifanya lile lile afanyalo mtoto wa Kisomali anapoandika "mjele": walitumia herufi iliyokuwa karibu zaidi.

Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kukiandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Baadaye Edward Steere wa Unguja, aliyetoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870, aliimarisha mtindo ambao kwa jumla ulizipa konsonanti sauti za Kiingereza na irabu sauti za Kiitalia. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki. Kwa hiyo hiyo "ch" ya "mchele" haikushuka kutoka mbinguni. Ni mapatano ya watu. Lau wachapaji wa kwanza wa pwani wangalikuwa Wafaransa, yamkini leo tungeandika "tsh", kama yalivyoandikwa majina ya Tshopo na Tshombe huko Kongo, na mtoto wa Uvira ndiye angepata kumi kwa kumi.

Majirani nao walipatana kwa njia zao. Wanyankore, Wanyarwanda na Warundi huiandika sauti hiyo kwa c peke yake, na mchele wenyewe huitwa "omuceeri" au "umuceri". Tazama, mwalimu mwenzetu: ni neno lile lile! Mtoto anayeandika "mcere" amelitambua neno la nyumbani ndani ya neno la Kiswahili. Kilichobaki ni kumwonyesha ch na l. Wasomali walichagua herufi za Kirumi mwaka 1972, na kwao c ni ile sauti ya koo ambayo Waarabu huiita ain, kama katika jina "Cali", yaani Ali. Wahabeshi wana maandishi yao ya kale, ambayo kila alama hubeba konsonanti pamoja na irabu yake. Mtoto aliyeyajua hayo hawezi kuona ajabu jedwali letu la "ba be bi bo bu", kwa kuwa hata kwao alianza na jedwali la silabi.

Tukija Uganda, historia ina kejeli yake. Alexander Mackay alipofika Buganda mwaka 1878, wasomaji wa kwanza walitumia vitabu vya Kiswahili kabla vya Kiganda havijachapwa. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipendekeza Kiswahili kikuzwe nchini, akapingwa vikali, Kabaka Daudi Chwa akiwa miongoni mwa wapinzani. Kamati ya Lugha yenyewe ilikuwa na makao yake Makerere tangu mwaka 1952 hadi 1962, wakati Kiswahili hakikuwa na nafasi katika shule nyingi za nchi hiyo. Kilibaki kwa askari na sokoni, na raia wengi wakakisikia kama lugha ya amri. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa kikawa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Huko Nakivale, hata hivyo, hakikungoja amri hiyo: kilikuja kwa miguu pamoja na Wakongo, ambao kwao ni mojawapo ya lugha nne za taifa.

Hapo ndipo tunapotakiwa kuwa waangalifu. Kiswahili cha Kongo ya mashariki kina kanuni zake. Msemaji wake husema "batoto" pale tunaposema "watoto", na "zambi" pale tunaposema "dhambi". Tunamkumbuka msichana mmoja aliyetoka upande huo, katika shule moja tuliyopata kufundisha. Aliandika insha ya ukurasa mzima juu ya safari ya familia yake, ilhali wenzake hawakufikisha sentensi tano. Tulizungushia wino kila "batoto" na kila "zambi", tukampa alama mbili. Muhula ule hakuandika tena ukurasa mzima. Tulihesabu makosa yake, hatukuhesabu sentensi zake, na hadi leo twaijutia kalamu ile.

Kutokana na hayo twapendekeza mambo manne.

Kwanza, mwanafunzi mpya aulizwe alisoma kwa lugha gani, na aombwe kuandika jina lake na maneno machache ya kwao. Dakika tano za uchunguzi huo zaweza kumwokoa mwaka mzima.

Pili, katika kufundisha kusoma, tuanze na silabi zisizo na ugomvi: ma, na, ba, ta, sa. Zikishakaa vema ndipo tuingie katika herufi zenye historia tofauti, yaani ch, j, dh, r na l. Sauti itangulie, herufi ifuate. Mtoto asikie kwanza tofauti ya "kula" na "kura", "mahali" na "mahari", kabla ya kutakiwa kuiandika. Msomali, ambaye lugha yake haina p, asikie "papa" na "baba". Na kwa kuwa watoto hawa hujifunza Kiingereza wakati huo huo, tuwaonyeshe wazi kwamba "wake" na "pole" za Kiswahili hutamkwa kila irabu, hata ile ya mwisho.

Tatu, katika sarufi, tusifundishe ngeli kwa watoto wote kwa namna moja. Mnyankore mwenye "omuntu" na "abantu" tayari anayo "mtu" na "watu" moyoni. Mwalimu amwonyeshe daraja tu. Msomali na Mhabeshi hawana ngeli za namna hiyo, nao wahitaji mifano mingi na mazoezi ya polepole.

Nne, katika kuandika, insha isahihishwe mara mbili: kwanza kwa maana, kisha kwa tahajia. Palipo na "batoto", mwalimu aandike pembeni "watoto" na kueleza kwamba hii ndiyo sura ya Kiswahili sanifu kitakachotahiniwa, bila kuitukana ile ya nyumbani.

Hatusemi kwamba makosa yaachwe. Usanifu una manufaa yake, na mtoto wa Kashojwa atahitaji kuandika barua itakayosomeka Mbarara, Bujumbura na Dar es Salaam. Tunachosema ni kwamba mkosoaji ajue njia aliyopita mkosaji. Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Watoto hawa wameacha nyumba, mashamba na makaburi ya babu zao. Herufi walizofunzwa huko ni miongoni mwa vitu vichache walivyoweza kuvibeba, nasi walimu tusiwe wa kuwapokonya mlangoni mwa darasa.