Mahindi Yaliposhuka Darini

Historia za kilimo cha Tanzania nilizosoma huanzia shambani na kuishia sokoni. Mimi, katika tasnifu yangu ya umahiri, nimenasa hapo katikati, kwenye nafasi iliyo kati ya mafiga na paa.

Katika nyumba nyingi za vijijini, hiyo ndiyo ilikuwa ghala. Mahindi yalipandishwa darini yakiwa na maganda yake. Mengine yalifungwa mafungu na kuning'inizwa kwenye boriti. Chini watu walipika, pengine na mbuzi walilala humo humo. Juu, moshi wa kila siku uliyakausha mahindi na kuwasumbua fukusi. Hakuna bwana shamba aliyewafundisha hilo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 dumuzi akagunduliwa Tabora. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Wengine walimwita Scania, kama lori. Huyu husaga punje zikawa unga. Tena hustawi zaidi kwenye mahindi ambayo bado yako kwenye magunzi, na hutoboa hata miti. Dari yenyewe ikawa makazi yake.

Wataalamu walishauri mahindi yapukuchuliwe, yachanganywe na dawa ya unga, kisha yahifadhiwe kwenye magunia. Chakula kiliokolewa, sibishi. Lakini punje haziningíniki. Magunia yakashuka chini, juu ya chaga, yakigombea nafasi na vitanda, na dawa ikataka fedha kila msimu, jambo ambalo moshi haukuwahi kulidai.